Bibi, nkambo na mama wa kambo: vitabu vya picha katika mafunzo ya walimu

Makala hii inahusu vitabu vya picha vya watoto, vile vyenye kurasa chache, picha kubwa na maneno kidogo, na kazi ambayo vinaweza kufanya katika mafunzo ya walimu. Hasa nazungumzia vitabu vinavyoonyesha watu wa nchi, makabila na desturi mbalimbali. Huenda msomaji wa kitivo chetu akauliza: sisi tunaosoma isimu na fasihi, vitabu vya watoto wadogo vinatuhusu nini? Jibu la kwanza ni kwamba wengi wetu tutaishia darasani, ama kufundisha, ama kuwafundisha wale watakaofundisha. Jibu la pili ni kosa nililolifanya mimi mwenyewe mbele ya watoto wa darasa la pili, kwa neno la Kiswahili ambalo nilidhani nalijua. Nitaanza na kosa hilo, kisha nieleze nilichojifunza kutokana nalo.

Somo la Mitwaba

Mitwaba iko kaskazini mwa mkoa wa Haut-Katanga, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Upemba. Kutoka Lubumbashi ni safari ndefu, na wakati wa mvua ni ndefu zaidi. Watu wa huko wanalima, wanafanya biashara ndogo, na wengine wanachimba kasiterite, yaani mawe ya bati. Nyumbani wengi wanasema Kiluba au Kisanga. Sokoni na shuleni wanakutana kwa Kiswahili.

Nilikwenda huko kwa wiki sita kuwasindikiza wanafunzi watano wa sekondari ya ualimu waliokuwa katika staji. Kwa msomaji asiyeijua Kongo nieleze kidogo: kwetu mwalimu wa shule ya msingi huandaliwa tangu sekondari, katika sehemu ya ualimu, na staji ni yale mazoezi ya kufundisha darasa la kweli huku mwalimu mwenye darasa akimwangalia. Wanastaji wangu walikuwa vijana wa miaka 18 na 19. Watatu walizaliwa hukohuko Mitwaba.

Nilikuwa nimebeba hadithi ya Simbegwire, iliyoandikwa na Rukia Nantale. Niliichapisha Lubumbashi kwenye duka la fotokopi, kwa kuwa ni moja ya vitabu vya African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini ulioanza mwaka 2014. Vitabu vyake ni vya bure, na mtu yeyote anaruhusiwa kuvitafsiri na kuvibadilisha. Simbegwire ni msichana aliyefiwa na mama. Baba yake analeta nyumbani mwanamke mwingine, anayeitwa Anita. Anita anamtesa, msichana anakimbilia porini, jamaa yake anamwokota, na mwishoni wanapatana.

Siku ya kwanza nilitaka kuwaonyesha wanastaji namna ya kusoma kitabu cha picha na watoto. Nilifika kwenye ukurasa wa Anita, nikaweka kidole juu ya picha, nikauliza: huyu ni nani? Watoto wakasita. Nikawajibia mwenyewe, kwa Kiswahili cha vitabuni: huyu ni mama wa kambo wa Simbegwire.

Watoto kadhaa wakacheka. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa sauti: "Uyu haiko nkambo. Nkambo iko na mvi."

Nilimsahihisha. Nilimwambia kwamba hakusikia vizuri, kwamba mama wa kambo ni mke wa baba asiyekuwa mama yako, na kwamba katika hadithi hii ni mtu mkali. Nilitaja tena neno hilo mara mbili au tatu ili lishike. Yule msichana hakusema kitu tena siku ile, wala siku iliyofuata.

Jioni mmoja wa wanastaji, mzaliwa wa Mitwaba, alinifuata nje. "Yaya," akaniambia, "ule mutoto anaikala na nkambo yake. Ulimuambia nkambo ni mutu mubaya."

Maneno yaliyobadilishana nyumba

Sisi wanafunzi wa lugha tunajua kwa nini ilitokea hivyo, ingawa mimi sikukumbuka kwa wakati unaofaa. Katika Kiluba na katika Kiswahili cha Katanga, *nkambo* ni mzazi wa mzazi, na *bankambo* ni wazee wetu wa zamani. Katika Kiswahili sanifu, *kambo* ni neno la undugu usio wa damu: baba wa kambo, mama wa kambo, mtoto wa kambo. Sikio la mtoto wa Mitwaba linaposikia "mama wa kambo" linashika lile linalolijua, nalo ni nkambo.

Tatizo halikuishia hapo. Siku ya tatu tuliwauliza watoto wao wangemwitaje Anita. Wengine walisema "mama mudogo". Wengine walisema "bibi ya baba". Katika Kiswahili cha Lubumbashi na maeneo yake, *bibi* ni mke. Mtu akisema "bibi yangu" anamtaja mwanamke aliyemwoa. Ukimpelekea mwalimu wa Dar es Salaam jibu hilo, ataelewa kwamba Anita ni nyanya wa baba. Kwa hiyo maneno mawili yamebadilishana nyumba. Huko pwani, bibi ni mzee wa mvi na mama wa kambo ni mke wa baba. Huku kwetu, nkambo ni mzee wa mvi na bibi ya baba ni mke wa baba. Mwalimu asiyejua hivyo atamsahihisha mtoto aliyesema sawa, na atafanya hivyo kwa moyo mweupe kabisa.

Tunapozungumza juu ya vitabu vya tamaduni nyingi, mara nyingi tunafikiria tamaduni zilizo mbali: mtoto wa Japani, mtoto wa Brazili. Mitwaba ilinionyesha kwamba wingi huo umo ndani ya lugha tunayodhani ni moja. Chukua hadithi nyingine ya mradi uleule, ya Ursula Nafula wa Kenya, kuhusu mwanamke mzee na ndizi anazoziivisha kwa siri. Ukiitafsiri kwa Kiswahili cha Tanzania utaandika "ndizi za bibi", na mtoto wa Lubumbashi atasikia ndizi za mke wa mtu. Ukiandika "ndizi za nyanya", kama wanavyosema Wakenya, wengine watamtafuta nyanya wa kupikia mchuzi. Picha peke yake ndiyo inayomwambia kila mmoja jambo lile lile: mama mzee, kikapu na ndizi.

Hata salamu zinatupima. Mwanafunzi aliyewahi kusoma pwani atakuambia kwamba "jambo" tupu ni salamu ya watalii. Lubumbashi watu wazima wenye heshima zao wanaamkiana kwa "jambo" kila asubuhi, na hakuna mtalii karibu.

Kioo na dirisha

Mwaka 1990 profesa Rudine Sims Bishop wa Marekani aliandika insha fupi ambayo mpaka leo inatajwa kila mahali panapozungumziwa vitabu vya watoto. Alisema kitabu kinaweza kuwa dirisha la kumwonyesha mtoto maisha ya wengine. Kinaweza kuwa mlango wa kioo ambao mtoto anausukuma na kuingia. Na mwanga ukilipiga dirisha kwa namna fulani, dirisha hilo hugeuka kioo, mtoto akajiona mwenyewe. Alikuwa akiwafikiria hasa watoto weusi wa nchi yake, waliokuwa wakisoma kitabu baada ya kitabu bila kukutana na mtu anayefanana nao.

Kiswahili chetu kimewahi kuingia katika kazi hiyo. Mwaka 1971 Muriel Feelings alitoa *Moja Means One*, kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili, na mwaka 1974 akatoa *Jambo Means Hello*, kitabu cha alfabeti. Vyote viwili vilichorwa na mume wake Tom Feelings, na vyote viwili vilipata heshima ya Caldecott, mwaka 1972 na mwaka 1975. Vilitungwa kwa ajili ya watoto wa Marekani, hasa wale wenye asili ya Afrika, ili wajione wana bara, lugha na hesabu za kwao. Mbele ya mtoto huyo kitabu kile ni kioo. Mbele ya mtoto wa Mitwaba, ambaye Kiswahili ni chake tangu kuzaliwa, kitabu kilekile ni dirisha la kutazamia vijiji vya Afrika Mashariki asivyovijua.

Hivyo kioo na dirisha havimo ndani ya kitabu peke yake. Vinategemea nani amekishika. Nilipompelekea Simbegwire yule msichana, nilifikiri nampa dirisha. Kumbe alikuwa akitazama kioo: msichana asiye na mama nyumbani, na mwanamke mwenye jina la bibi yake akionyeshwa kuwa katili. Mwanastaji anapojifunza kuuliza "kitabu hiki ni kioo kwa nani, na ni dirisha kwa nani, katika darasa langu hili?", amekwisha kuanza kuwafahamu wanafunzi wake.

Katika Katanga swali hilo si la mapambo. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika mkoa huu, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa. Watoto wa waliobaki na wa waliorudi wanakaa leo benchi moja na watoto wa Wasanga, Waluba wa Katanga, Wabemba na Walunda. Darasa la Lubumbashi lina tamaduni nyingi hata kabla kitabu hakijafunguliwa. Ninachouliza ni kama mwalimu ana njia ya kuziruhusu zisemwe bila kuzigombanisha.

Maneno hufutika, picha hubaki

Kabla ya kuchagua kitabu, mwanastaji anapaswa kujua kuisoma picha kama sisi tunavyosoma sentensi. Mfano ninaoutumia ni kitabu maarufu mno kuhusu nchi yetu, *Tintin au Congo* cha Hergé, kilichotoka kwanza gazetini huko Ubelgiji mwaka 1930 na 1931. Katika toleo la kwanza kuna ukurasa ambapo Tintin, kijana mgeni asiye mwalimu, anasimama mbele ya watoto wa Kikongo na kuwafundisha kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Kitabu kilipochorwa upya kwa rangi mwaka 1946, somo hilo liliondolewa, na mahali pake pakawekwa somo la kujumlisha namba.

Ninawapa wanastaji kazi hii: linganisheni kurasa hizo mbili, mniambie ni nini kimebadilika na ni nini hakikubadilika. Kilichobadilika wanakiona upesi, ni somo la ubaoni. Kisha wanaanza kuona yaliyobaki. Mgeni bado ndiye aliyesimama. Watoto bado wameketi, wamechorwa kwa sura moja kana kwamba wametoka kiwandani. Hakuna hata mmoja mwenye jina. Swali alilouliza mgeni linangoja jibu, na wao hawana.

Hapo ninawauliza swali la pili, ambalo ni gumu zaidi: katika masomo yenu wenyewe ya wiki hii, nani alisimama, nani aliketi, na ni watoto wangapi mliowaita kwa majina yao? Mitwaba mimi nilikuwa wa kwanza kulijibu, maana nilikuwa nimemsahihisha msichana ambaye sikuwa hata nimeuliza jina lake.

Kwa uzoefu huo tulitengeneza maswali manne ya kupima kitabu chochote cha picha kabla ya kukiingiza darasani. Nani anatenda, na nani anatendewa? Nani ana jina? Nyumba, chakula na nguo ni za mahali fulani panapojulikana, au ni "Afrika" isiyo na mahali? Na mtoto wa darasa langu akiulizwa, angeweza kumfundisha mwalimu kitu chochote kutokana na picha hii? Swali la nne ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu kitabu ambacho mtoto hawezi kumfundisha mwalimu kitu kutokana nacho kitamwacha akisikiliza tu.

Ukumbusho

Mtu asidhani kwamba kuzungumza mbele ya picha ni jambo tulilolipata kwa wazungu. Lubumbashi ina historia yake. Miaka ya 1970 nyumba nyingi za wafanyakazi mjini zilikuwa na michoro ukutani: mamba muntu, yaani nguva, askari wa wakati wa *Colonie belge* wakimpiga mfungwa, vijiji vya zamani. Watafiti walipowauliza wenye nyumba kazi ya michoro hiyo, neno lililotolewa lilikuwa *ukumbusho*. Mchoro ulikuwa unaitisha habari. Mgeni aliuona, akauliza, na mwenye nyumba akaanza kusimulia.

Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliipeleka kazi hiyo mbali zaidi. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi nzima, michoro 101, na kuisimulia picha kwa picha kwa Kiswahili cha hapa, mbele ya Johannes Fabian aliyekuwa akifundisha chuoni kwetu wakati huo. Michoro hiyo na maelezo yake vilitoka kama kitabu mwaka 1996, *Remembering the Present*. Ukikifungua utaona umbo lile lile la kitabu cha picha: mchoro, na sauti ya mtu anayeueleza. Na Kiswahili kilichoko ni chetu, chenye *iko* na *bantu*. Hata kabla yake, mwaka 1965, André Yav aliandika historia ya mji kwa niaba ya waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani, *Vocabulaire de la ville d'Elisabethville*, kwa Kiswahili hicho hicho. Anayesema kwamba lugha hii haijawahi kuandikwa hajafika maktabani.

Neno ukumbusho linanisaidia kuliko neno "kielelezo" tulilozoea katika vitabu vya mbinu za kufundisha. Kielelezo kinaeleza kile ambacho mwalimu amekwisha kukiamua. Ukumbusho unamwachia anayetazama nafasi ya kuleta habari zake. Kitabu cha picha kikitumiwa kama kielelezo, mtoto anakisia neno lililomo kichwani mwa mwalimu. Kikitumiwa kama ukumbusho, mwalimu anangoja asikie.

Namna tulivyofanya

Baada ya kosa langu tulibadilisha utaratibu, na huu ndio ninaoupendekeza kwa wanaofundisha walimu.

Kwanza, tunafunika maneno. Tulikuwa na nakala moja tu, na darasa lilikuwa la watoto zaidi ya 60. Wanastaji wawili wenye mkono mzuri walichora upya picha za hadithi kwa makaa, upande wa ndani wa mifuko ya simenti iliyokatwa na kusafishwa. Picha zikawa kubwa, zinaonekana hata benchi la mwisho, na hazikuwa na neno hata moja.

Pili, swali la kwanza halina jibu la kukariri. Badala ya "huyu ni nani?", mwanastaji anauliza "munaona nini?", halafu "nini inakuonyesha vile?" Swali la pili linamlazimu mtoto kurudi kwenye picha, na linamlazimu mwalimu kunyamaza.

Tatu, ubao unagawanywa sehemu tatu. Upande wa kushoto yanaandikwa maneno ya nyumbani, ya Kiluba, Kisanga au lugha nyingine. Katikati yanaandikwa maneno ya Kiswahili cha hapa. Upande wa kulia, mwisho kabisa, linaandikwa neno la Kiswahili cha kitabu. Hakuna linalofutwa. Juu ya picha ya mama mzee tuliandika *nkambo* kushoto, *nkambo* katikati, *bibi* kulia. Juu ya Anita tuliandika *bibi ya baba* na *mama mudogo* katikati, *mama wa kambo* kulia. Watoto waliona kwa macho yao kwamba neno limehama, wakacheka tena, lakini safari hii walikuwa wakiicheka lugha.

Nne, ndipo hadithi inasomwa, pamoja na maneno yake.

Tano, kila mtoto anachora ukurasa wake mmoja kuhusu nyumba yake na kumwambia mwalimu sentensi moja ya kuandikwa chini yake. Kurasa hizo zinashonwa kwa uzi, zinakuwa kitabu cha darasa. Kwa mwanastaji hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, kwa sababu anapaswa kuandika kile alichoambiwa, kama kilivyosemwa.

Jambo moja lihitaji tahadhari. Mitwaba ilipata taabu kubwa katika miaka ya vita vya Mai-Mai. Mwaka 2005 na 2006 watu wengi wa eneo lile walikimbia vijiji vyao. Ukurasa ambapo Simbegwire analala porini ulimtia wasiwasi mwanastaji mmoja, akapendekeza tuuruke. Tulijadiliana, tukaamua kuuonyesha bila kuuliza lolote, na kungoja. Mtoto mmoja alisema kwamba bankambo wake nao walilala porini, wakala mizizi. Hakulia, na hakuna aliyemuuliza zaidi. Mwanastaji aliitikia tu, kama mtu anavyoitikia habari kwenye mkeka wa jirani, kisha akafunua picha iliyofuata. Picha inaweza kufungua mlango, lakini mwalimu hana haki ya kumsukuma mtoto apite.

Maswali ninayoulizwa

Mhadhiri mmoja aliniuliza kama utaratibu huu hautakiharibu Kiswahili sanifu. Sidhani hivyo. Neno sanifu lipo ubaoni, upande wa kulia, na mtoto analijua vizuri zaidi kwa kuwa ameona limetofautiana wapi na la kwake. Kilichokuwa kikiharibu ni kumwacha akisikia "kambo" akidhani ni nkambo, huku mwalimu akiandika kwamba hakuelewa.

Wengine wanasema kazi hii ni ya bure kwa sababu mwishowe mtihani ni wa Kifaransa. Katiba ya mwaka 2006 imeweka Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inatambua lugha za taifa na lugha za mazingira katika kufundishia madarasa ya mwanzo. Mlango wa sheria uko wazi. Anayesimama mlangoni ni mwalimu, na akiwa hakufunzwa kusikiliza Kiswahili cha watoto wake, sheria itabaki karatasi. Ubao wenye sehemu tatu unaweza kuongezwa sehemu ya nne kwa ajili ya Kifaransa pasipo shida yoyote.

Wengine wanauliza vitabu vitatoka wapi. Nimekwisha sema: nakala moja, makaa na mifuko ya simenti. Ila lipo jambo ambalo kitivo chetu kinaweza kulifanya na shule ya Mitwaba haiwezi. Leseni ya hadithi zile inaruhusu kutafsiri na kubadilisha. Tuna wanafunzi wanaojua Kiluba, Kisanga, Kibemba, Tshiluba na Kiswahili cha mji huu. Kazi moja ya mwaka wa tatu ingeweza kuwa kutoa toleo la Katanga la kitabu kimoja cha picha, likiwa na Kiswahili cha hapa na Kiswahili sanifu kwenye ukurasa mmoja, na maelezo mafupi kwa mwalimu kuhusu maneno yanayobadilishana nyumba. Kazi kama hiyo ingekuwa isimu, fasihi na ualimu kwa wakati mmoja, na mwishoni ingekuwa na msomaji mwenye umri wa miaka saba.

Kuhusu yule msichana, sitaki kusema kwamba mambo yote yalitengenea. Mimi hakunizungumzisha tena mpaka staji ilipokwisha. Lakini wiki ya nne, mwanastaji yule mzaliwa wa Mitwaba alipokuwa akikusanya kurasa za kitabu cha darasa, alichuchumaa kando ya benchi lake, akaonyesha mama mzee aliyechorwa kando ya moto, akauliza polepole: "Uyu, kwenu munamuitaka namna gani?" Alijibu. Mwanastaji aliandika neno lile chini ya picha, akalisoma kwa sauti, akamwuliza kama ndivyo. Msichana akasema ndivyo.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Katika ripoti yangu ya staji niliandika kwamba hilo ndilo lilikuwa somo bora la wiki zote sita, na kwamba silo lililofundishwa na mimi.